Kutoka Kilomita 3 Hadi 10 Dodoma Bila Kuumia Ugoko: Mwongozo Kamili

Kuanzia Mei hadi Julai, ujumbe ninaoupata kutoka kwa wanaojiandaa na mbio za mwisho wa Julai hapa mjini karibu wote una sentensi moja: "Pumzi imeshakuja, ila ugoko unawaka." Mwandishi wake ameanza wiki tatu au nne zilizopita, ana viatu, hajakosa siku. Kisha anataja, kama jambo la pembeni, kwamba Jumamosi alitoka na klabu ya jogging, wakapanda hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kurudi.

Hilo la pembeni ndilo lenyewe. Wengi wanahesabu kilomita za wiki nzima, wanaona hazijazidi sana, wanajiona salama. Mfupa hauhesabu wiki. Unahesabu ile siku moja uliyoupiga kuliko ulivyozoea.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeweza kutembea dakika 30 bila shida na anataka kufika kilomita 10. Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au umewahi kubanwa kifua ukiwa mazoezini, pita kwa daktari kwanza.

## Andaa hivi kabla ya yote

Wiki 20. Naziweka mbele ya viatu kwa makusudi. Ukitaka kukimbia mwishoni mwa Julai, anza wiki ya kwanza au ya pili ya Machi. Aliyeanza Juni atafute mbio za kilomita 5, na hakuna aibu yoyote.

Viatu vya kukimbilia. Nimevitengea sehemu yao hapa chini.

Simu au saa inayopima umbali. Ya kawaida inatosha. Bila namba utabaki na "kama kilomita tano hivi", na "kama hivi" ndiyo imeumiza wengi.

Daftari. Safu tatu tu: tarehe, umbali, na ugoko umekuwaje asubuhi iliyofuata.

Ngazi moja au tofali lililotulia, na mkoba wa mgongoni wenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Ni kwa ajili ya vigimbi.

Kizibao chenye mistari inayong'aa, na tochi. Mwezi wa Julai jua la Dodoma linachomoza karibu saa 1 asubuhi. Ukitoka saa 11 ni giza tupu, na dereva wa bodaboda naye anawahi.

### Viatu, hasa vya mtumba

Wengi wetu tunanunua soko la Majengo au la Sabasaba, na muuzaji atakwambia tu, "Kaka, hii gredi ya kwanza, haijavaliwa hii." Usibishane naye. Fanya mambo manne.

Weka viatu juu ya meza usawa wa macho, uviangalie kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kimeshachukua umbo la mwenye nacho wa kwanza. Bonyeza sponji ya soli kwa dole gumba: isiporudi, au ikiwa na mikunjo mingi ubavuni, imekufa hata kama kiatu kinameta. Kunja kiatu: kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapoanzia, siyo katikati. Mwisho vaa vyote viwili, ukiwa na soksi utakazokimbilia, utembee hadi mwisho wa kichochoro na kurudi. Kikikubana hapo hapo, hakitalegea kwa huruma.

Habari ya kununua kiatu kulingana na unyayo ulivyo, bapa au wenye upinde, isikugharimu pesa. Jeshi la Marekani lilijaribu kuwapa kuruta viatu kwa kufuata umbo la nyayo zao, na waliopewa hivyo hawakuumia kidogo kuliko wenzao. Kiatu kinachokaa vizuri mguuni mwako ndicho chako.

## Hatua ya 1: Bonyeza mfupa wako

Kaa chini, weka mguu juu ya goti la pili. Tafuta ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, upande unaotazama mguu mwingine. Anzia juu kidogo ya kifundo, bonyeza kwa vidole, panda taratibu hadi karibu na goti. Fanya miguu yote miwili.

Hakuna maumivu? Nenda hatua ya 2.

Kunauma kwenye mstari mrefu, zaidi ya upana wa vidole vitatu, sehemu ya chini ya mfupa? Hayo ndiyo maumivu ya ugoko ya wakimbiaji. Ukingo wa mfupa umechokozwa kuliko unavyoweza kujijenga. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7, kisha urudi.

Kunauma mahali pamoja, panapofunikwa na ncha ya kidole, au panauma usiku ukiwa umelala, au ukiruka kwa mguu mmoja unashtuka? Simama. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Nenda hospitali ya rufaa, na ujue jambo moja: eksirei ya wiki mbili au tatu za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa ilhali ufa upo. Mweleze daktari kwamba unakimbia na umeanza lini. Picha safi peke yake haikupi ruhusa ya kurudi barabarani.

## Hatua ya 2: Wiki tatu za kutembea na kukimbia

Hapa ndipo watu wananidharau. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.

- Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.
- Wiki ya 2: kimbia dakika 3, tembea dakika 2, rudia mara 5.
- Wiki ya 3: kimbia dakika 6, tembea dakika 1, rudia mara 3. Jumamosi yake jaribu kilomita 3 bila kusimama, polepole.

Polepole maana yake unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako. Ukiweza kutoa neno mojamoja tu, umekwenda kasi. Anayetoka Dar es Salaam ashuke zaidi, maana Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari na wiki ya kwanza pumzi itakuwa fupi.

Kwa nini kutembea wakati pumzi ipo? Kwa sababu moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mfupa unahitaji miezi. Mfupa unaopigwa hujijenga kwa kubomoa kwanza sehemu iliyochoka, halafu ndipo unajaza mpya, kama mkandarasi anayefumua lami yote kabla ya kumwaga nyingine. Kuna kipindi barabara iko wazi, na malori yakipita muda huo yanaharibu. Wiki ya tatu na ya nne, unapojisikia mwepesi kuliko wakati wote, mfupa wako bado uko kwenye kufumuliwa.

Machi ikiangukia Mwezi Mtukufu na unafunga, fanya wiki hizi baada ya futari, chakula kikishashuka. Usiongeze chochote hadi Idi.

Utajua umefanikiwa ukimaliza kilomita 3 Jumamosi, na Jumapili asubuhi ukabonyeza mfupa usisikie kitu.

## Hatua ya 3: Panda kwa kufuata mbio ndefu, siyo wiki

Hii ndiyo hatua yenyewe, soma taratibu.

Karibu kila mtu amesikia kwamba usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Huko Groningen, Uholanzi, watafiti waligawa wakimbiaji wapya zaidi ya 500 katika makundi mawili. Kundi moja lilifuata kanuni hiyo kwa wiki 13, jingine likapanda kwa kasi zaidi kwa wiki 8. Matokeo yakatoka mwaka 2008: makundi yote mawili, karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Kanuni tuliyoikariri haikumlinda mtu.

Mwaka 2025 ukatoka utafiti kutoka Denmark uliofuata wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa saa zao za mkononi. Walipolinganisha wiki na wiki hawakuona uhusiano wa kueleweka na kuumia. Walipolinganisha mbio moja na mbio ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita, picha ikajitokeza: aliyezidisha zaidi ya asilimia 10 siku moja alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, na aliyekimbia zaidi ya mara mbili ya mbio yake ndefu, hatari yake ilipanda zaidi ya maradufu. Wengi wa watu wale walikuwa wazoefu wa miaka. Mgeni hana sababu ya kujilegezea.

Sasa rudi kwenye ile Jumamosi. Mtu ana kilomita 3, 3 na 4 ndani ya wiki. Klabu inapanda UDOM, kilomita zaidi ya 15 kwenda na kurudi, nyimbo zinapigwa, nani atabaki nyuma? Siku moja anakimbia karibu mara nne ya alichozoea. Wiki inayofuata anapumzika "kidogo", ugoko unaanza kuuma Jumatano, naye analaumu viatu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fungua daftari, tafuta mbio ndefu kuliko zote ndani ya siku 30. Hiyo ndiyo namba yako.
2. Jumamosi ongeza sehemu moja ya kumi ya namba hiyo, basi. Kutoka 3 unaenda 3.3, halafu 3.6, 4, 4.4, 4.8, 5.3, 5.8, 6.4, 7, 7.7, 8.5, 9.3, 10.
3. Jumanne na Alhamisi kimbia nusu hadi theluthi mbili ya mbio ya Jumamosi iliyopita, kwa mwendo wa kuongea.
4. Kila baada ya kupanda mara tatu, wiki ya nne usipande. Rudia namba ileile.
5. Ukiumwa malaria au ukasafiri ukakosa zaidi ya mwezi, namba yako imefutika. Anza na mbio yako ndefu ya siku 30 hizi, na kama ni sifuri, rudi hatua ya 2.

Hatua 13 za kupanda, wiki 4 za kutulia, na zile 3 za mwanzo: ndizo zile wiki 20.

Onyo kuhusu klabu. Sikukatazi jogging, mimi mwenyewe bila kelele za wenzangu nisingeamka. Lakini kabla ya kutoka mwambie kiongozi, "Leo mimi nageukia kilomita 5." Panga na bodaboda au mwenzako pa kukutana. Mdada mmoja wa kundi letu alikuwa akitaniwa kila Jumamosi kwa kugeuka njiani, wakamwita Kona. Julai Kona alimaliza kumi zake akiwa anacheka, na wataniaji wawili walikuwa pembeni ya barabara wamefunga bandeji.

Njia ya kukimbilia. Miezi miwili ya mwanzo chagua tambarare. Miinuko ya UDOM ni mizuri sana kwa mapafu, lakini kushuka kwake ndiko kunakogonga miguu, kwa hiyo iache hadi ufikishe 6. Kwenye makorongo ya mchanga tembea tu, maana kifundo kinayumba na kigimbi kinavuta mara mbili. Ukizoea barabara za vumbi za Iyumbu, usihamie lami yote kwa siku moja. Badilisha mbio moja kati ya tatu.

Utajua umefanikiwa kama kila Jumapili daftari linasema "ugoko kimya" na Jumamosi unamaliza ukiwa na hamu ya kuendelea kidogo. Hiyo hamu iache hapo hapo.

## Hatua ya 4: Fupisha hatua

Kimbia mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30. Tuseme ni 39. Zidisha kwa 4, unapata hatua 156 kwa dakika. Lengo lako ni kuongeza asilimia 5 tu: mguu wa kulia mara 41 kwa sekunde 30, bila kuongeza kasi.

Maana yake hatua inakuwa fupi, na mguu unatua karibu na mwili badala ya kutupwa mbele. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipima mwaka 2011 wakaona ongezeko dogo la namna hiyo linapunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Usiikimbilie ile namba ya 180 inayotajwa kila mahali. Mrefu na mfupi hawawezi kupewa hesabu moja.

Hapa nina lawama ndogo kwa mchakamchaka wetu. Wimbo mmoja, mguu mmoja, watu hamsini. Mwenye miguu mifupi anajinyoosha ili aende sawa na wa mbele, na kujinyoosha huko ndiko tunakotaka kukuondoa. Imba, ila miguu iwe yako.

Fanya zoezi hili dakika 5 tu katikati ya mbio ya Jumanne kwa wiki mbili, kisha dakika 10. Kigimbi kikichoka zaidi siku za mwanzo ni kawaida.

## Hatua ya 5: Jenga vigimbi

Misuli ya kigimbi inapokea mzigo kila mguu unapotua. Ikichoka, mfupa unabaki peke yake.

Simama kwenye ngazi kwa nusu ya unyayo, visigino hewani. Panda kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu tatu. Raundi tatu, mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya kukimbia na siyo kabla.

Wiki mbili za kwanza tumia miguu yote miwili, mara 15 kila raundi. Baadaye mguu mmoja, mara 8, ukipanda polepole. Nusu ya raundi fanya goti likiwa limenyooka, nusu likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu goti likikunjwa kazi inahamia kwenye msuli wa ndani unaofanya kazi kubwa kuliko wote unapokimbia. Ukiona rahisi, beba mkoba wa maji.

Utajua umefanikiwa ukipanda mara 25 kwa mguu mmoja bila kusimama, kulia na kushoto sawa. Wengi wanaokuja kwangu na ugoko unaouma hawafiki 12.

Kujinyoosha je? Ule utaratibu wa kusimama na kuvuta misuli kabla ya kuanza ulijaribiwa kwa kuruta zaidi ya 1,500 wa jeshi la Australia, na waliojinyoosha waliumia sawa na wasiojinyoosha. Ukiupenda, endelea. Ila dakika hizo zingekufaa zaidi kwa kutembea haraka na kukimbia taratibu hadi mwili upate joto, hasa asubuhi za baridi za Juni.

## Hatua ya 6: Kula, kunywa, na vidonge

Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na unagundua baadaye kwa ukungu mweupe wa chumvi kwenye fulana. Jipime uzito kabla na baada ya mbio: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Irudishe taratibu pamoja na chakula chenye chumvi. Ukiwa njiani kunywa kwa kiu. Kujilazimisha maji mengi kupita kiasi kunazimua chumvi ya damu, na watu wamewahi kufa mbioni kwa hilo.

Mfupa haujengwi na maji. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi, karanga, maharage, na ugali wa uwele au mtama wa kutosha. Ugali upungue kwa sababu ya kitambi, sawa, lakini usikimbie kilomita 7 kwa chai ya rangi na maandazi mawili.

Dada zangu, hili ni lenu: siku zako zikikosekana miezi mitatu mfululizo na huna mimba, mwili unasema chakula hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha, na mifupa inalipa deni hilo. Usilichukulie kama nafuu. Punguza kukimbia, ongeza chakula, muone daktari.

Onyo: usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia ili "ugoko utulie". Utaendelea kupiga mfupa usiousikia, na dawa hizo pamoja na upungufu wa maji zinaumiza figo.

## Hatua ya 7: Ugoko ukianza kuuma

Jipe alama kutoka 0 hadi 10.

Ikiwa ni 1 au 2, inatoweka ukishapata joto, na kesho asubuhi hakuna kitu: maliza mbio, Jumamosi hii usipande.

Ikiwa ni 3 au zaidi, au inaongezeka kadiri unavyokwenda, au asubuhi bado ipo: tembea hadi nyumbani. Acha kukimbia. Baiskeli na kutembea ruksa kama haviumi. Barafu kwenye kitambaa dakika 10 inatuliza, haiponyeshi. Vigimbi endelea navyo kwa miguu miwili ikiwa haviamshi maumivu.

Unarudi ukitimiza yote matatu: ukibonyeza mfupa hausemi kitu, unatembea dakika 30 bila kuhisi, na unaruka mara 10 kwa mguu ulioumia sawa na mzima. Kwa wengine ni wiki mbili, kwa wengine sita. Ukirudi anzia wiki ya 1 ya hatua ya 2, siyo pale ulipoachia. Wiki mbili zikipita bila nafuu yoyote, au maumivu yakikusanyika mahali pamoja, ni hospitali.

## Wiki ya mbio

Jumamosi iliyotangulia, ile ya wiki ya mwisho ya kutulia, usirudie namba: kimbia 5 tu. Jumanne 3, Alhamisi 2, na vigimbi viache kabisa. Viatu vipya ulivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo vibaki kwenye boksi hadi Agosti.

Siku yenyewe simama nyuma ya kundi. Kilomita mbili za kwanza kila mtu atakupita, wakiwemo watoto na mabwana wenye kanzu. Hesabu mguu wa kulia sekunde 30, uone kama ni ile namba yako ya hatua ya 4. Ikiwa ndiyo, endelea hivyo hivyo hadi kilomita ya 7, halafu ukiwa na kitu kimebaki, kitoe.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, kaa kitandani uweke mguu juu ya goti, ubonyeze mfupa kama siku ya kwanza, uandike.